Kapsuli za Mwalimu

Mkemia wa serikali alipiga simu asubuhi, Msumari akiwa hajakaa wala hajavua sweta.

"Zile kapsuli za kwenye kisanduku cha mgonjwa," mkemia alisema, "hazina homoni. Hata chembe. Ni mafuta matupu."

"Mafuta gani?"

"Nipe mpaka mchana. Lakini ile paketi mliyoitoa kwenye rafu ya mfamasia haina kasoro. Na za wale wateja wake wengine pia. Dawa imo kama ilivyoandikwa."

Msumari lilikuwa jina la kituoni. Wazazi wake walimpa jingine zuri tu, ila wenzake waliona mpelelezi huyu akishaingia kwenye jambo hang'oki mpaka ubao upasuke, wakambandika hilo, naye hakulikataa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mkavu wa maneno, na mtu akimwanzishia habari katikati alimrudisha mwanzo kama mtoto wa shule.

Sajini aliyefanya naye kazi alikuwa mzee wa karibu kustaafu, na yeye alishakata shauri. "Ni mfamasia huyo huyo. Rafuni anaweka nzuri za kuwaonyesha wakaguzi, chini ya meza anatoa mafuta. Tumeshawaona wengi."

"Wateja wengine amewapa nzuri."

"Basi ana kisa na Mwalimu. Labda alimchapa shuleni, akaweka moyoni."

Msumari hakucheka, ingawa alitaka. Mfamasia alikuwa selo tangu juzi. Aliyemshtaki ni mkandarasi wa majengo, mtu wa sauti kubwa, aliyeingia kituoni amenyanyua kisanduku cha dawa cha mama yake kama mtu aliyekamata mwizi. Mama huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu hata pale alipokwenda kununua vitunguu. Hedhi ilishamkoma miaka mingi, halafu ghafla damu zikaanza kumtoka, zikakataa kukatika, akalazwa. Mkandarasi alisema mama yake ameuziwa sumu. Alitaka mtu afungwe, na mtu aliyekuwa karibu ni mfamasia.

"Twende hospitali," Msumari alisema. "Kesho asubuhi wanampasua. Nataka kujua kwa nini."

Daktari bingwa wa wanawake ndiye aliyemwandikia Mwalimu dawa hizo, na ndiye aliyekuwa akimsubiri na kisu. Alikuwa mwanamke mrefu anayezungumza huku akinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alimwona Msumari, akamwona na Sajini, akasema kama wamekuja kumkamata na yeye wasubiri amalize raundi.

"Tumekuja kusoma," Msumari alisema. "Nieleze hizo dawa kama unamweleza mtu aliyeishia darasa la saba. Kilatini sitaki."

Daktari alichukua taulo. "Mwanamke akikoma hedhi, homoni moja mwilini inakauka. Kuna wasiosikia kitu, na kuna wanaoungua. Joto linampanda, jasho usiku kucha, usingizi hakuna, mifupa nayo inaanza kuwa myepesi. Mwalimu alikuwa anabadilisha shuka usiku kama mwenye mtoto mchanga."

"Mama watoto wangu huyo," Sajini alisema. "Sasa hivi tunalala madirisha wazi, mimi nimevaa koti."

"Mlete. Sasa nilichofanya ni kumrudishia Mwalimu ile homoni, ya kupaka. Jeli, anajipaka mkononi kila asubuhi. Lakini homoni hiyo ikienda peke yake inaotesha utando wa ndani wa kizazi. Unanenepa, unanenepa, na ukiachwa unaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo mwenye kizazi chake lazima apate na homoni ya pili ya kuuzuia huo utando. Hiyo ndiyo kapsuli ya usiku."

"Na aliyetolewa kizazi?"

"Anatumia ya kwanza tu. Hakuna cha kuzuia."

"Watu wanasema hizi homoni zinaleta saratani. Zote."

"Watu wanasema," daktari alijibu, akalitupa taulo kwenye ndoo. "Dawa isiyo na hatari mimi sijaandika bado. Homoni zikitumika miaka mingi, hatari ya saratani ya titi inapanda kidogo, na mgonjwa anaambiwa hivyo hivyo bila kufichwa. Aliyewahi kuugua saratani ya titi simpi. Aliyewahi kuganda damu au kupata kiharusi, simpi mpaka tukae tuzungumze sana. Anayetokwa damu bila sababu simpi kabisa mpaka niijue sababu. Lakini mama mwenye afya, aliyeanza mapema, anayekuja kupimwa, kwa wengi wao faida inazidi. Mradi atumie zote mbili. Hapo sina mzaha na mtu."

"Na Mwalimu alitumia zote mbili."

"Ndiyo maana yuko kwenye orodha yangu ya kesho." Daktari alikaa ukingoni mwa meza. "Nimekata kipande cha ule utando nikakipima. Umenenepa vibaya. Saratani haijawa bado, namshukuru Mungu. Mgonjwa mwingine wa namna hii ningempa ile homoni ya pili, dozi kubwa, nikasubiri. Ila huyu amekuwa akiimeza kila usiku na bado utando umemshinda. Maana yake dawa haimsaidii. Kinachobaki ni kutoa kizazi."

"Mbona unasema kama hutaki?"

"Ana pumu ya tangu utotoni, na miaka yote hiyo amekula vumbi la chaki. Damu nazo zimempungua. Daktari wa usingizi ameniambia waziwazi, anaweza kumlaza asiweze kumwamsha."

Hapo ndipo Msumari alipomwambia kuhusu simu ya mkemia. Daktari alisimama.

"Mafuta? Kila usiku alikuwa anameza mafuta? Tangu lini?"

"Sijui bado. Inabadilisha nini?"

"Inabadilisha kila kitu! Kama ni wiki mbili tatu hizi, dawa ilishashindwa kabla, na nitampasua. Kama ni miezi, dawa haijashindwa. Haikuwahi kuingia mwilini. Nitaahirisha nimtibu kwa dawa." Akaitazama saa ya ukutani. "Orodha ya kesho inafungwa saa kumi na mbili jioni. Nileteeni kitu cha kushika mkononi. Kwa kukisia siwezi kumwacha mgonjwa anavuja damu."

Mwalimu alikuwa kitanda cha dirishani, chupa ya damu imening'inia kichwani pake, na kitu cha kwanza alichokiona ni viatu vya Sajini.

"Una tope. Hapa ni wodini."

"Shikamoo Mwalimu," Sajini alisema, akirudi mlangoni kujipangusa.

"Marahaba. Na wewe," akamgeukia Msumari, "ndiye uliyemweka mfamasia ndani? Yule kijana sikumfundisha wizi."

"Hilo ndilo nataka kuhakikisha, dada. Dawa zako nani anakupangia?"

"Binti yangu, kitindamimba wangu. Kila Jumapili ananijazia kile kisanduku chenye vyumba vya siku, asubuhi na usiku. Macho yangu si ya kuamini tena. Usiku nimeshavua miwani, nashika tu nameza."

"Na ya kupaka?"

Mwalimu aliangalia kitanda cha jirani kwanza, kisha akashusha sauti. "Hiyo ni yangu mwenyewe. Karatasi yake niliibandua. Kuna mkwe wangu, mke wa huyu mkandarasi, ana macho, na mdomo wake haujui kufungwa. Sikutaka mtaa ujue Mwalimu anaungua. Nikaiweka katikati ya losheni zangu, basi."

"Hata binti hajui?"

"Mambo hayo unamwambiaje mtoto?"

Msumari alivuta kiti. "Tangu uanze kapsuli, umewahi kuona zimebadilika?"

"Mwanzoni zilikuwa zinanilaza fofofo. Daktari alisema ndivyo zilivyo, ndiyo maana zinamezwa usiku. Siku hizi nameza na macho makavu, nahesabu mabati. Halafu..." Mwalimu alikunja uso, kama mtu anayeona aibu kulisema. "Nikicheua usiku nasikia samaki. Na samaki sijamla."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike dada yangu. Nilidhani ni huzuni."

Msumari alimwahi daktari kwenye korido, akampa hayo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Msiba unamnyima usingizi mtu yeyote. Siwezi kwenda kwa wenzangu nikasema nimefuta operesheni kwa sababu ya kucheua. Afande, kitu cha kushika mkononi."

Mkemia hakungoja kutafutwa. Alipiga wakiwa bado kwenye ngazi. Mafuta yenyewe yalikuwa ya samaki, yale yanayouzwa wazi kila duka la dawa, kapsuli laini za mviringo ambazo mtu aliyevua miwani asingezitofautisha na zile nyingine.

"Kwa hiyo mfamasia tunamtoa?" Sajini aliuliza kwenye gari.

"Mfamasia anaijua ile ya kupaka, aliiuza yeye. Daktari anaijua, aliiandika. Mtu aliyebadilisha kapsuli akaiacha jeli alikuwa anafikiri kapsuli ndiyo dawa peke yake." Msumari alifunga mkanda wa kiti. "Na adui hamnunulii mtu mafuta ya samaki. Endesha."

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa na sebule yenye vitambaa vyeupe kwenye kila kiti, na picha za darasa zimejaa ukutani. Mkandarasi alikuwa katikati ya sebule, simu sikioni, akimgombeza mtu kuhusu saruji. Aliikata.

"Mmekuja kuniambia yule muuaji anapanda mahakamani lini?"

"Nimekuja kukuuliza mama yako anatumia dawa gani."

"Ya presha."

"Na?"

"Na... hizo za wanawake. Afande, mimi ni mtoto wa kiume. Mama hanielezi mambo hayo."

"Lakini ulijua ni sumu."

Msumari alimwambia abaki hapo hapo, akafuata mlio wa cherehani mpaka chumba cha nyuma.

Binti alikuwa anashona sare za shule. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, uzi umemning'inia mdomoni, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Aliwasalimia vizuri, akaendelea kukanyaga pedali, kama mtu anayeogopa kitakachosikika cherehani ikinyamaza.

"Dawa za mama unazijua?"

"Nazijua, afande. Ya presha asubuhi, na ile kapsuli ya homoni usiku."

"Na homoni ya kupaka?"

"Ya kupaka?" Alionekana kutoelewa kweli. "Mama hana ya kupaka. Ana losheni zake tu."

"Nionyeshe."

Chumba cha Mwalimu kilikuwa kimetandikwa kama anarudi jioni hiyo. Mezani mbele ya kioo zilipangwa chupa za losheni, zote zinanukia maua na limau, na katikati yake moja ya kubonyeza, nyeupe, haina karatasi. Msumari alibonyeza tone mgongoni mwa kiganja chake. Halikuwa na mafuta wala manukato. Lilinukia spiriti, likakauka mara moja.

"Hii je?"

"Hiyo ndiyo anayoipenda. Anajipaka mkononi kila asubuhi akitoka kuoga. Akisahau mimi ndiye ninayemkumbusha."

Msumari alifuta mkono wake kwa kitambaa, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Jikoni Sajini aliita. Alikuwa amepanda kigoda, na nyuma ya masufuria ya shughuli, juu kabisa kabatini, alikuta kopo kubwa la mafuta ya samaki, limebaki robo.

"Ni yangu," binti alisema upesi. "Ya magoti. Kukaa sana kwenye cherehani."

"Dawa ya magoti unaipandia kigoda kila siku?"

Msumari alimrudisha kwenye chumba cha nyuma, akafunga mlango, akakaa kwenye kibao cha wateja.

"Nitakueleza ninavyojua, wewe utanisahihisha. Kila Jumapili unajaza kisanduku cha mama. Ya presha unaiweka kama ilivyo. Kapsuli unaitoa, unaweka hii. Hukutaka kumdhuru. Ulitaka aache homoni bila kugombana naye, maana Mwalimu hagombani na mtu akashindwa. Nimekosea wapi?"

Mguu wa binti ulikuwa juu ya pedali, haukanyagi.

"Nilimwogesha mama mkubwa mpaka siku ya mwisho," alisema. "Dada yake mama. Titi lote lilikuwa kidonda, afande. Harufu ile mpaka leo haijanitoka puani. Tumemzika, nikarudi nyumbani, nasikia redioni mtu anasema homoni ndizo zinazowaletea wamama saratani. Nikaenda kuangalia dawa za mama, nikaona imeandikwa homoni. Nikasema huyu hapana. Huyu simwogeshi hivyo."

"Mama mkubwa alikuwa anatumia homoni?"

"Hapana."

"Ulimuuliza mama? Daktari?"

"Mama angeniambia nikashone nguo."

Sajini alikohoa, akatazama dirishani. Msumari alijua kwamba la kufuata lingemuumiza huyu mwanamke kuliko pingu, na kwamba halikuwa na njia ya mkato.

"Ile losheni isiyo na karatasi," alisema. "Ile ndiyo homoni. Ile ndiyo inayoweza kuleta saratani ya kizazi ikitumika peke yake. Kapsuli uliyoitoa ndiyo iliyokuwa inamlinda."

Binti alimtazama kama hajasikia. Kisha akasikia. Alishika meza ya cherehani kwa mikono yote miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa kilio cha kawaida. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mkandarasi akaingia.

"Ni wewe? Mimi nazunguka mji mzima natafuta muuaji, kumbe..." Mkono wake ulikuwa umeshapanda juu.

"Ushushe huo mkono," Msumari alisema, bila kuinuka. "Wewe ulijua sumu bila kujua dawa. Kaa."

Mkandarasi alikaa, juu ya rundo la sare.

"Sikiliza," Msumari alimwambia binti. "Utalia baadaye. Kesho asubuhi watampasua mama yako kwa sababu wanaamini kapsuli zilishindwa."

"Mama alituambia ni operesheni ndogo."

"Amewadanganya. Kwa pumu ile, wanaogopa hataamka. Daktari anaweza kuifuta, lakini anataka kuonyeshwa mama hajameza dawa tangu lini. Maneno yako peke yake hayatoshi. Zile za kweli ulizitupa wapi?"

"Sikuzitupa." Binti alijifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Mama anazinunua kwa pensheni yake. Ningezitupaje?"

Alivuta droo ya chini ya meza ya cherehani. Juu palikuwa na mabaki ya vitambaa, zipu, vifungo ndani ya bati la biskuti. Chini yake, zimepangana vizuri kama nguo za mteja, zilikuwepo paketi za kapsuli, nyingine zimefunguliwa upande mmoja, nyingi hazijaguswa, kila moja na kibandiko cha mfamasia chenye jina la Mwalimu na mwezi aliouziwa. Msumari alizitoa moja moja. Zilianza na mwezi wa pili na zikafika mwezi uliopita, bila kuruka hata mmoja.

"Mazishi yalikuwa lini?"

"Mwezi wa pili."

"Vaa viatu," Msumari alisema.

Njiani palikuwa na msongamano, Sajini akawasha king'ora, jambo ambalo hakulifanya ovyo. Walimkuta daktari mlangoni mwa ofisi yake, kalamu mkononi, na muuguzi wa chumba cha upasuaji amesimama anangoja karatasi. Msumari alizimwaga paketi mezani. Daktari alizigeuza, akasoma kibandiko kimoja baada ya kingine, midomo inatembea. Alimuuliza binti maswali matatu, mafupi, kuhusu lini alianza na kama kuna usiku aliowahi kuacha ya kweli ipite. Binti alijibu bila kujitetea. Kisha daktari akachukua ile orodha, akalikata jina la juu, la Mwalimu.

"Sijasema amepona," alimwonya Msumari. "Nitampa dawa, nitamwongezea damu, nitapima tena baada ya miezi mitatu. Utando usiporudi nyuma nitampasua tu. Lakini sasa ana nafasi, na saa moja iliyopita hakuwa nayo."

Daktari alitaka kumwambia Mwalimu yeye mwenyewe. Msumari alikataa.

"Atamwambia huyu."

Binti alifika kitandani, akapiga magoti chini. Mwalimu alimtazama kutoka juu ya mto.

"Inuka. Sijafa bado."

Aliinuka, akasema yote, tangu mazishi mpaka droo. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye losheni sauti ilimkatika, akaanza tena sentensi hiyo hiyo mara ya pili, na mara ya pili akaimaliza. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa amegeuka kusikiliza. Mkandarasi, aliyewafuata, alikuwa mlangoni, mtu mzima yule, ameng'ang'ania kofia.

"Nilikuwa nakuokoa, mama."

"Mimi nilikuwa nimeshaokoka," Mwalimu alisema. "Baada ya kumzika dada nilikuja hapa hapa. Nikamwambia daktari naogopa, dada yangu amekufa kwa titi. Wakanipima matiti, tukakaa tukazungumza, nikaamua mwenyewe kuendelea. Ulishindwa nini kuniuliza?"

"Na wewe ulishindwa nini kuniambia?"

Msumari alidhani Mwalimu atafoka. Mwalimu aliitazama damu ikidondoka kwenye ile chupa. "Kweli," alisema mwishowe. "Hukuniuliza, na mimi sikukwambia. Makosa yetu yamekutana."

Muuguzi aliingia na sinia, kapsuli ndani ya kikombe kidogo cha plastiki. Mwalimu alimzuia kwa kiganja.

"Anipe yeye."

Binti alimpa, maji kidogo yakamwagika shukani. Mwalimu alimeza, akafuta mdomo.

"Yule mfamasia yuko wapi sasa hivi?"

"Selo," Msumari alijibu.

"Siku ya tatu." Akamgeukia binti yake. "Nenda ukamtoe. Na usirudi hapa peke yako."

Kituoni Msumari alimweleza binti bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Maelezo yangeandikwa, yangetiwa sahihi, na kumbadilishia mtu dawa bila yeye kujua ni kosa hata likifanywa kwa upendo wa namna gani. Mwendesha mashtaka ndiye angeamua. Binti alisema sawa. Alisema hilo atalifanya, lakini kwanza aonyeshwe yule mtu.

Mfamasia alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, suruali ameishikilia kiunoni kwa mkono mmoja, uso umeota ndevu za siku tatu. Alimtambua binti kupitia nondo, maana alimhudumia mara nyingi, na akasimama kwa adabu kana kwamba yuko dukani kwake. Binti alimwambia yote aliyokuwa amemwambia mama yake, kisha akamwomba radhi, na machozi safari hii hakuyazuia. Msumari aligeuza ufunguo, lango likafunguka, lakini mfamasia hakutoka.

"Na operesheni? Nimesikia wanampasua kesho."

"Imefutwa," Msumari alisema.

"Amepewa ya kweli leo?"

"Amepewa."

"Na nani?"

"Na mimi," binti alisema.

Msumari alijua watu wengi ambao hapo wangetema mate, na asingewalaumu.

"Basi kesho umpe tena wewe," mfamasia alisema. "Na keshokutwa. Usimwachie mtu mwingine."

Kisha akatoka, akamwomba Sajini mkanda wake.